Usifungue Barua ya Mwenzio

Zamani barua iliyotoka Dar es Salaam kwenda kwa mtu akaaye visiwani, katika delta ya Rufiji, ilipita mikononi mwa wengi. Msafiri aliichukua mpaka pwani, nahodha wa mashua akaipokea, mwenye duka akaiweka mpaka mwenyewe aje kuiulizia. Mara nyingine mwenye barua hakujua kusoma, akamwomba mwalimu amsomee. Watu hao wote waliishika barua, wala hawakuifungua, maana walijua kwamba bahasha iliyofungwa ina mwenyewe. Naye mwalimu akiisha kuyasikia mambo ya nyumba ya mwingine, aliyanyamazia.

Siku hizi bahasha imekwisha, nasi twaandikiana kwa simu. Tena zimetokea programu, nyingi zikitangazwa kuwa ni za bure, ambazo kazi yake ni kufungua barua ya mwenzio bila yeye kujua. Mume anamwekea mke, mke anamwekea mume, mzazi anamwekea mtoto. Twaona yatupasa kulisema jambo hili waziwazi, kwa sababu wako Wakristu wema wanaodhani kwamba si dhambi, maadamu linafanyika ndani ya nyumba yao wenyewe.

Kwanza tueleze jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Mtu huichukua simu ya mwenzake aliyelala, akaiwekea programu kwa dakika chache, na alama yake ikafichwa isionekane. Tangu hapo kila ujumbe unaoingia na unaotoka hunakiliwa na kupelekwa kwa njia ya intaneti kwenye mashine za kampuni fulani, mara nyingi katika nchi ya mbali. Aliyeiweka huufungua huko na kuusoma. Basi siri ya nyumba haikai mikononi mwa mmoja tu, bali i mikononi mwa mpelelezi na mwa wenye mashine pia.

Hapo ndipo neno "bure" linapokuwa ghali. Mwaka 2023 programu moja ya Poland iitwayo LetMeSpy iliingiliwa na wezi. Wakachukua ujumbe wa watu waliokuwa wakipelelezwa, wakachukua na anwani za wale waliokuwa wakipeleleza. Programu hiyo ilifungwa mwaka ule ule. Huko Marekani, mwaka 2021, serikali iliikataza kampuni ya SpyFone kufanya tena biashara ya upelelezi. Sisi nasi simu zetu ni kama benki: ndani yake mna ujumbe wa fedha tulizotuma na tulizopokea, na namba za kuthibitisha malipo. Anayeiwekea simu ya mkewe programu asiyoijua asili yake amewafungulia wageni sanduku la nyumba yake mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Lakini hata kama wezi hawangekuwapo, jambo hili lingekuwa baya. Tuchukue mfano, ambao si habari ya mtu fulani. Mume hununua kamba katika delta, mke hukaa Kibiti mjini pamoja na watoto. Mke ameingiwa na shaka, akamwekea mumewe programu. Usiku mmoja asoma ujumbe uliotoka kwa mwanamke: "Nakungoja. Maji yakijaa njoo, usikawie, nisije nikalala." Moyo wake wapasuka. Hajui kwamba mwanamke yule ni mwuza kamba, na barafu yake inayeyuka. Hajui kwamba katika mifereji ile ya mikoko mashua haiingii ila maji yakijaa, yawe yamejaa mchana au usiku wa manane. Angemwuliza mumewe, angejibiwa kwa maneno mawili. Lakini awezaje kuuliza? Akiuliza, ataulizwa ameyajuaje. Basi anyamaza, apika kwa uchungu, ajibu kwa mkato, na mume naye aanza kujiuliza kosa lake ni nini. Ikiwa hatimaye atasema, itambidi kwanza aseme uongo, ati ameambiwa na jirani.

Hili ndilo tunalotaka wasomaji wetu walishike. Anayesoma kwa siri hupata maneno, lakini humpoteza mtu. Hayo aliyoyapata hawezi kuyauliza wala kuyafafanua. Hata akikuta kwamba mwenzake hana kosa, hapati raha, kwa kuwa kesho atataka kusoma tena. Na akikuta kosa la kweli, kosa hilo sasa lina la pili karibu yake, nalo ni la kwake mwenyewe.

Tena yuko mtu wa tatu ambaye hatukumbuki. Dada anamwandikia mkeo habari za ugonjwa wake. Rafiki anamwomba mkopo kwa aibu kubwa. Binti anamweleza mama yake yaliyompata. Hao wote hawakukuandikia wewe. Hata kama mkeo angekupa ruhusa ya kusoma maneno yake, ya wenzake si yake kuyatoa.

Watu wa Kibiti hawana haja ya kufundishwa nasi ubaya wa kushukiana. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika Kibiti na wilaya jirani, waliuawa viongozi wa vijiji, askari na raia. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi wanane kwa siku moja. Katika miaka ile mtu hakujua amwamini nani. Ikiwa shaka yaweza kuilemea wilaya namna ile, nyumba ya watu wanne itasimamaje, kila mmoja akimchungulia mwenzake?

Wengine watatujibu: "Sisi tu mwili mmoja, hatuna siri." Ni kweli, ndoa hufanya wawili kuwa mwili mmoja, lakini dhamiri hubaki mbili, na kila moja itasimama peke yake mbele ya Mungu. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 220, yakataza kudhuru haki ya mtu ya kulinda mambo yake ya faragha. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba upendo huamini, nao haumfuati mwenzi kila hatua ili kumtawala. Sheria za nchi hazikunyamaza pia. Katiba yetu, katika ibara ya 16, yalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yafanya kuwa kosa kunasa mawasiliano ya mwingine pasipo haki. Cheti cha ndoa si kibali cha kufanya hivyo.

Tumtazame Mtakatifu Yosefu. Alikuwa na sababu ya kushangaa kuliko mume ye yote, naye Injili yamwita mwenye haki. Hakumpeleleza Maria wala hakumtangaza. Alilinda heshima yake hata alipokuwa bado haelewi, na Mungu akamwangaza. Tena, Yesu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili akabaki Yerusalemu, wazazi wake walimtafuta siku tatu kwa huzuni. Walipomwona hekaluni, Mama yake hakuficha uchungu wake. Alimwuliza mwenyewe, uso kwa uso, kwa nini amewatenda hivyo.

Hapo wazazi wapate fundisho lao. Hatusemi mtoto mdogo apewe simu na kuachwa. Mzazi ana wajibu wa kujua mwanawe anaongea na nani, maana wako watu waovu wanaowawinda watoto kwa njia ya simu. Lakini afanye hivyo mbele ya mtoto. Amwambie tangu siku ya kumpa simu: "Hii nitaitazama, na sababu yake ni hii." Simu ilale sebuleni usiku. Kadiri mtoto anavyokua, mzazi apunguze kutazama na kuzidisha kuzungumza. Baba Mtakatifu Fransisko aliwaonya wazazi katika waraka ule ule kwamba kujua daima mtoto alipo si kumlea. La maana ni kujua moyo wake umefika wapi. Kijana anayegundua kwamba babaye alimpeleleza kwa siri hajifunzi wema. Ajifunza kuficha vizuri zaidi.

Na kama pana hatari ya kweli? Kama mtoto anatishwa, au mke anapigwa, programu ya siri haitawaokoa. Waende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa habari za mtoto, wapige namba 116, ambayo haina malipo. Na nyumba iliyojaa mashaka imwendee paroko, au wazee wanaoaminika wa pande zote mbili. Bwana wetu ametufundisha njia: ndugu yako akikukosea, nenda ukamwambie, ninyi wawili peke yenu. Akikataa kusikia, ndipo uchukue mashahidi.

Basi, ndugu, ikiwa umekwisha kuweka kitu hiki katika simu ya mwenzako, kiondoe leo. Ungama dhambi hiyo katika sakramenti ya Kitubio. Kisha, kwa saa njema, watoto wakiwa wamelala, keti na mwenzako useme yale yanayokuuma. Labda utaaibika. Labda utasikia jambo gumu. Lakini utakuwa umelisikia kinywani mwake, nawe utaweza kumjibu, kumsamehe, na kuombwa msamaha.

Familia Takatifu ya Nazareti iziombee nyumba zetu, za mjini na za visiwani, ili waliomo ndani yake waulizane na kujibiana pasipo hofu.