Nyuzi Zikikatika, Mlio Huenda Wapi?

Gitaa la umeme lenye daraja linaloelea lina tabia moja inayowatesa wapigaji. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, tano zilizobaki hupanda sauti papo hapo. Hazikuguswa, lakini zote zimeharibika. Aliyeko jukwaani katika ukumbi wa Mango Garden, Kinondoni, au TCC Chang'ombe kule Temeke, jijini Dar es Salaam, hana la kufanya ila kushika gitaa jingine, kama lipo.

Sababu iko mgongoni mwa gitaa. Fungua kifuniko cha nyuma cha Stratocaster, muundo ambao Fender waliuingiza sokoni 1954, utakuta springi, mara nyingi tatu hadi tano, zimeshikwa na bamba lenye skrubu mbili. Nyuzi sita hulivuta daraja huku kwa jumla ya takriban kilo 45. Springi hulivuta kule. Daraja husimama pale mivuto inapolingana, na ndiyo maana kutyuni uzi mmoja huzivuruga nyingine. Fundi anayeijua kazi huchonga kipande cha mbao, akakichomeka kulizuia daraja lisicheze, akatyuni nyuzi zote zikae sawa. Kisha hushika bisibisi na kugeuza zile skrubu mbili robo mzunguko, tena robo, mpaka kile kipande kilegee na kudondoka chenyewe. Hapo mbao haina tena kazi: nyuzi na springi zimeafikiana. Mifereji ya shingoni ambamo nyuzi hupita huipaka unga mweusi wa ncha ya penseli ili ziteleze zisikwame. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, kwa hiyo nyuzi hupata kutu upesi na kazi nzima huanza upya.

Basi ule mlio ulio sawa unakaa wapi? Hauko katika uzi wowote peke yake, wala hauko katika springi. Uko katika kulingana kwao.

Swali hilo ni la zamani kuliko gitaa lenyewe. Katika Phaedo, Plato anasimulia siku ya mwisho ya Socrates, aliyeuawa kwa sumu huko Athens mwaka 399 kabla ya Kristo. Rafiki yake Simmias anamuuliza: kama roho ni mlingano wa vitu vya mwili, kama mlio sawa ulivyo mlingano wa mbao na nyuzi za kinubi, je, kinubi kikivunjika mlio si ndio unaotangulia kufa, hata kabla mbao hazijaoza? Hoja hii ni nzito, na haifai kupitwa juu juu. Socrates anajibu, pamoja na mengine, kwamba mlio hufuata nyuzi, ilhali roho huutawala mwili: mtu ana kiu, na bado anaweza kukataa maji.

Historia ya dansi la Dar inampa Socrates nguvu fulani. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya chama, si ya wanamuziki. Mpigaji akihama, gitaa linabaki. Mwaka 1978 mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake waliiacha bendi hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa JUWATA Jazz, wakaenda kwenye bendi mpya ya Mlimani Park, Sikinde ya baadaye. Waliondoka bila vyombo, lakini hawakuondoka mikono mitupu: walibeba masikio yao. Waliobaki nao waliendelea, jina likageuka OTTU, kisha Msondo Ngoma. Kumbe mlingano uliishi kwa watu kabla ya kuishi katika nyuzi.

Hata hivyo sikio bila gitaa halisikiki na mtu. Hapa misikiti na makanisa ya Temeke yanaachana na Socrates, aliyefurahia kuuvua mwili moja kwa moja. Mwislamu na Mkristo wote husubiri kiyama, siku ambayo miili itafufuliwa. Kwa imani hiyo roho haikuumbwa ikae milele bila nyuzi, na Simmias alikuwa na haki ya kuuhofia mwili unaooza.

Lakini mfano wa bendi una mpaka, na ni vizuri kuusema wazi. Msondo, ambako Gurumo alirudi baadaye, iliendelea baada yake kufariki Aprili 2014, na vijana wanaweza kujifunza nyimbo zake zote. Yeye mwenyewe hakurudi kwa njia hiyo. Kumbukumbu ya mtu si mtu. Dua inayosomwa makaburini haiombei sifa wala nyimbo za marehemu zidumu. Inamwombea yeye, kana kwamba bado yupo wa kusamehewa, na hapo ndipo imani inapodai jambo ambalo hakuna fundi wa gitaa anayeweza kulithibitisha kwa bisibisi yake.