Hasira ya Mtu Aliyepimwa Vibaya Kazini



Tunataka kulichungua swali moja ambalo linawagusa watu wengi. Mtu amefanya kazi yake kwa uaminifu mwaka mzima. Siku ya kupimwa imefika, na mkubwa wake ameandika kwamba kazi hiyo ni hafifu. Moyo wa mtu yule unawaka. Je, hasira yake ni dhambi? Na kama si dhambi, aipeleke wapi?

Jambo lenyewe

Katika nchi yetu ya Kongo watu wengi huishi chini ya kalamu ya mtu mwingine. Mtumishi wa Serikali hupewa alama ya kazi yake kila mwaka, na alama ile huangaliwa anapotafuta kupanda cheo. Mwalimu wa shule hutembelewa na mkaguzi, ambaye pengine huketi nyuma ya darasa kwa saa moja tu, kisha akaandika neno litakaloshuhudia juu ya mwaka mzima. Muuguzi, karani, dereva, mlinzi, mfanyakazi wa mgodini au wa shamba la michikichi, wote wana kapita au mkubwa anayewapima.

Katekumeni naye hupimwa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliagiza kwamba watu wafundishwe miaka 4 kabla ya kubatizwa. Na hata leo, kabla ya Ubatizo, padri na mwalimu wa dini hushauriana kama mtu yu tayari. Yuko anayeambiwa angoje mwaka mwingine. Wenzake wanavaa nguo nyeupe usiku wa Pasaka, naye anasimama nyuma ya kanisa akiona haya. Basi hakuna msomaji wa ukurasa huu anayeweza kusema kwamba jambo hili si lake.

Kupimwa si kubaya. Bwana Yezu mwenyewe, katika mfano wa talanta, alitufundisha kwamba kila mtumishi ataulizwa habari ya kazi yake. Lakini mpimaji wa duniani ni mwanadamu. Huona machache, husahau mengi, hupenda ndugu zake, huogopa wakubwa wake, na mara nyingine hungoja zawadi. Kwa hiyo alama inaweza kuwa ya uongo, na uongo ule una uzito: ni karo ya watoto, ni dawa ya mama mgonjwa, ni jina la mtu mbele ya jirani zake. Anayemwambia mtu kama huyo, «Usijali, ni karatasi tu», hajaelewa kitu.

Je, hasira hiyo ni dhambi?

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba si kila hasira ni dhambi. Hasira inayofuata akili na kutaka haki itengenezwe inaweza kuwa njema. Tena asiyekasirika kamwe, hata mbele ya uovu ulio wazi, pengine amepungukiwa na kitu. Hasira huwa dhambi inapoipita akili, inapotaka kisasi kuliko haki, au inapompiga asiye na kosa.

Shikeni maneno hayo ya mwisho: inapompiga asiye na kosa. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo letu. Mfanyakazi hulizwa na mkubwa wake, lakini mkubwa huogopwa. Hasira basi huteremka kama maji ya mvua, ikitafuta mahali pa chini. Humpata mke jikoni, mtoto aliyevunja sahani, mgonjwa anayengoja kwenye zahanati, mwanafunzi asiyejua hesabu. Hao hawakuandika alama yoyote, lakini ndio wanaoilipia.

Kaini na kaka wa mwana mpotevu

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha watu wawili waliokasirika kwa sababu hiyo hiyo ya kupimwa.

Wa kwanza ni Kaini. Alileta sadaka, na sadaka yake haikupokelewa, hali ya ndugu yake Abeli ilipokelewa. Hatusemi kwamba Mungu alikosea katika hukumu yake; twaangalia tu alichofanya Kaini na hasira yake. Mungu alimwendea, akamwuliza kwa nini uso wake umekunjamana, akamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni. Ule ulikuwa wakati wa kusema. Kaini angaliweza kulia, kuuliza, hata kulalamika. Hakujibu neno. Akaipeleka hasira yake shambani, akamwua Abeli, ambaye hakuwa amempima mtu yeyote.

Wa pili ni kaka wa mwana mpotevu, katika Evanjili ya Luka. Yeye pia aliona kwamba kazi yake ya miaka mingi haikuhesabiwa, maana mdogo wake amechinjiwa ndama, naye hakupewa hata mwana-mbuzi wa kula na rafiki zake. Akakasirika, akakataa kuingia nyumbani. Lakini baba alipotoka kumsihi, kijana yule alimwambia yote usoni, bila kuficha. Maneno yake yalikuwa makali, na hakuwa na haki katika yote. Hata hivyo baba hakumfukuza. Alimjibu kwa upole, akamwita mwanangu. Damu haikumwagika katika nyumba ile, kwa kuwa hasira ilipelekwa kwa yule iliyemhusu.

Wale wanaosema: «Ninatoa hasira»

Wengine husema kwamba moyo ni kama chungu kilichofunikwa motoni: usipotoa mvuke, kitapasuka. Kwa hiyo humtukana mkubwa wakiwa mbali naye, huvunja vitu, hunywa lotoko mpaka usiku, huharibu mashine kwa siri, au hueneza habari mbaya za wenzao waliopata alama nzuri. Husema: «Ni kupunguza moyo tu.»

Lakini je, moyo hupungua kweli? Mwaka 2002 mtaalamu mmoja wa Marekani, Brad Bushman, alitangaza uchunguzi wake juu ya jambo hilo. Aliwachukua wanafunzi waliokuwa wamechokozwa. Wengine walipewa mfuko mzito waupige ngumi huku wakimfikiri yule aliyewaudhi. Wengine waliketi kimya bila kufanya kitu. Waliopiga ngumi huku wakimfikiri adui yao ndio waliobaki na hasira kubwa zaidi. Basi hasira si mvuke wa chungu. Ni moto wa kuni. Anayeupulizia hauzimi, bali anaukuza. Wazee wetu walilijua hilo waliposema: hasira hasara.

Hatukatazi kila njia ya kutulia. Mtu anaweza kulima, kutembea, kucheza mpira, kuimba na wenzake, au kumweleza rafiki mwenye busara. Hayo huupoza mwili na kuipa akili nafasi ya kurudi. Lakini kupoa si kumaliza. Alama ya uongo bado imeandikwa, na asubuhi mtu atarudi kazini. Ndiyo maana lazima tuulize zaidi.

Yezu Kristu alipopigwa kofi

Pengine utasema: «Mkristu anyamaze tu, kama Yezu alivyonyamaza mbele ya Pilato.» Ni kweli kwamba Bwana wetu alinyamaza mara nyingi katika Mateso yake. Lakini isome pia Evanjili ya Yohane, mahali Yezu anapohojiwa na Anasi. Mlinzi mmoja alimpiga kofi kwa sababu ya jibu lake. Yezu hakumrudishia kofi, wala hakumlaani, wala hakunyamaza. Alimtaka aonyeshe ubaya wa maneno yale kama yalikuwa mabaya. Na kama yalikuwa mema, aseme kwa nini amempiga.

Angalieni, ndugu, jinsi jibu hilo lilivyo na haki. Linamwelekea aliyepiga, si mtu mwingine. Linadai ushuhuda, halidai kisasi. Tena linakubali kwamba kosa linaweza kuonyeshwa, kama lipo. Mfanyakazi aliyepimwa vibaya anaweza kusema hivyo hivyo mbele ya mkubwa wake: «Kama nimekosa, nionyeshe mahali. Kama sikukosa, kwa nini umeandika hivi?» Huko si kukosa adabu, ila ni kumfuata Kristu.

Njia ya kufuata

Katika Evanjili ya Mateo, Bwana alitupa utaratibu kwa ajili ya ndugu anayekosa, nao unatufaa hapa.

Kwanza, jichungue. Labda nusu ya alama ile ni kweli, nayo ndiyo inayouma zaidi. Ulichelewa? Ulilewa? Kubali kilicho kweli, ndipo utapata nguvu ya kukataa kilicho uongo.

Pili, nenda kwake peke yake, moyo ukiisha kupoa, wala usiende mbele ya watu. Chukua ushahidi: daftari la mahudhurio, hesabu ya kazi, majina ya wanafunzi waliofaulu.

Tatu, asiposikia, nenda pamoja na mmoja au wawili wenye heshima, kama vile wajumbe wa wafanyakazi.

Nne, asiposikia tena, lipeleke neno kwa walio juu yake, kwa maandishi, kwa kweli, bila matusi.

Utasema: «Nikisema, nitafukuzwa.» Hofu hiyo si ya bure. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière katika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, waligoma wakidai mshahara bora. Askari waliwapiga risasi, wengi wakafa. Kanisa halimdanganyi mtu kwamba kusema kweli hakuna gharama. Kwa sababu hiyo Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana katika vyama. Mmoja akisema peke yake huvunjwa upesi kama kijiti. Wengi wakisema pamoja, kwa amani na kweli, ni vigumu kuwavunja. Na ikiwa leo huwezi kusema bila kuwaua watoto wako njaa, ngoja saa yake kwa busara. Kungoja si dhambi. Ila usiwageuze watoto hao hao kuwa ngoma ya kupigia hasira yako.

Na kama hakuna anayesikia?

Basi lipeleke kwa Mungu, na umwambie wazi. Ayubu alilalamika kwa maneno ya uchungu mkubwa. Rafiki zake walimkemea, wakajifanya wanamtetea Mungu. Lakini mwishowe Mungu aliwakaripia wale rafiki, akasema kwamba Ayubu ndiye aliyenena sawasawa. Katika Zaburi pia wapo wengi wanaolia na kuuliza, «Mpaka lini?» Sala ya namna hiyo si utovu wa imani. Anayemlalamikia Mungu bado anaamini kwamba yuko Hakimu anayesikia.

Tena kumbuka fundisho la Papa Yohane Paulo II katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981: thamani ya kazi yatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, kwa kuwa yeye ni mtu. Kalamu ya mkubwa inaweza kupunguza mshahara wako. Haiwezi kuandika wewe ni nani. Jina lako la kweli utalipokea siku ya Ubatizo, na halitolewi kama alama ya kazi.

Neno la mwisho ni kwa wenye kalamu: makapita, wakaguzi, walimu, hata baba na mama, maana nanyi huwapima watoto wenu kila siku. Msiandike msichokiona. Mkikosea, rekebisheni. Na mtu akija kuwauliza kwa adabu, msimwite mwasi. Amewaheshimu kuliko yule anayewasema gizani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kaini aliulizwa na Mungu, hakujibu. Kwa nini kunyamaza kwake kulikuwa kubaya, na kungoja kwa busara si kubaya?
2. Nyumbani kwako, ni nani anayelipia hasira unayoitoa kazini?
3. Je, yuko mtu ambaye wewe umempima vibaya? Utakwenda kwake lini?