Matarajio na Haki ya Mchezaji wa Akiba

Kutabiri ni mazoea ya binadamu tangu kale. Mkulima hutazama mawingu kabla ya kupanda, nahodha hutazama upepo kabla ya kutweka tanga, na mwandishi wa habari za michezo hutazama orodha ya majina kabla ya msimu kufunguliwa. Lakini watu watatu hawa hawako sawa mbele ya kosa. Mkulima akikosea hupoteza mbegu yake. Nahodha akikosea huweza kupoteza chombo na roho pia. Mwandishi akikosea hapotezi kitu, na wanaolipa kosa lake ni wale aliowatabiria.

Katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako mpira wa kikapu wa wanawake umekuwa jambo la watu wengi, utabiri huu una daftari lake rasmi. Kila mwaka, kabla ya michezo kuanza mwezi wa Novemba, shirika la habari la Associated Press hukusanya kura za waandishi na kutangaza timu 25, moja baada ya nyingine kwa nafasi zake. Orodha ya wanawake ilianza mwaka 1976 kwa juhudi za Mel Greenberg, mwandishi wa mji wa Philadelphia. Kura ya kwanza ya msimu hupigwa wakati ambapo hakuna kikapu hata kimoja kilichofungwa. Hapo ndipo swali la maadili linapozaliwa: je, tarajio la mtu mmoja laweza kuwa deni la mtu mwingine?

Ahadi hutoka kinywani mwa mwenye kudaiwa. Tarajio hutoka kinywani mwa mwenye kudai. Mtu akienda kwa kadhi kudai fedha ambazo yeye mwenyewe alitumaini kupewa, na ambazo hakuna aliyemwahidi, atarudishwa nyumbani kwa kicheko. Hata hivyo katika michezo dai la namna hii husikilizwa, na hukumu hutolewa. Chuo Kikuu cha South Carolina kiliwekwa nafasi ya kwanza kabla ya msimu ulioanza Novemba 2024. Timu yake ya wanawake ikashinda michezo 35, ikashindwa 4, na mmoja katika hiyo minne ulikuwa fainali yenyewe, Aprili 6, 2025, ilipofungwa na Connecticut pointi 82 kwa 59. Katika nchi yenye timu zaidi ya 300 za daraja la juu, kuwa wa pili si aibu hata kidogo. Lakini kwa kuwa alikuwa ametabiriwa kuwa wa kwanza, huyo wa pili alitazamwa kama mtu aliyekula amana.

Tena utabiri huona kile tu kilichokwisha kuonekana. Mwaka 2023 timu hiyo hiyo, chini ya mwalimu Dawn Staley, ilifika nusu fainali ikiwa imeshinda michezo 36 bila kushindwa, ikatolewa na Iowa kwa pointi 77 kwa 73. Baada ya hapo wachezaji wote watano waliokuwa wakianza mchezo waliondoka. Aliyah Boston, aliyekuwa nguzo yao, akachaguliwa wa kwanza kuingia katika ligi ya wanawake ya kulipwa. Wapiga kura walihesabu walioondoka, wakaishusha timu hadi nafasi ya sita. Hesabu yao haikuwa ya kijinga. Ilipungukiwa na kitu kimoja, nacho ni wale waliokuwa wameketi. Kamilla Cardoso, binti wa Brazil mwenye urefu wa mita 2 na zaidi, alikuwa ameupitisha msimu uliotangulia akiingia mchezoni kutoka benchini. Novemba 6, 2023, huko Paris, timu iliyodhaniwa kuwa imebaki mabua iliifunga Notre Dame pointi 100 kwa 71, na haikushindwa na mtu mwaka ule. Ilimaliza kwa ushindi wa michezo 38, wa mwisho ukiwa wa Aprili 7, 2024, mjini Cleveland, dhidi ya Iowa ile ile, pointi 87 kwa 75. Katika fainali hiyo wachezaji wa akiba wa South Carolina walifunga pointi 37. Wa Iowa hawakufunga hata moja. Tessa Johnson, msichana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuanza mchezo, alifunga 19 peke yake. Cardoso akatajwa kuwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho.

Waswahili husema akiba haiozi, na mtu atazamaye hesabu ya Cleveland ataona kwamba methali imethibitika. Lakini methali hiyo ilisemwa juu ya nafaka na fedha, vitu visivyojua kwamba vimewekwa. Mchezaji wa akiba anajua. Mchezo mmoja una dakika 40, na nafasi za kila timu uwanjani ni tano. Kwa hiyo mwalimu ana dakika 200 za kugawa, wala haziongezeki mchezo ukiisha kwa wakati wake. Akiwa na wachezaji 12, mgawo wa sawa kwa sawa ungempa kila mmoja dakika 16 na sehemu. Hakuna mwalimu agawaye hivyo, na pengine hapaswi, maana timu haikuundwa kwa ajili ya mgawo. Hata hivyo kila dakika apewayo mmoja ameondolewa mwingine, na umri wa kucheza chuoni, kwa kawaida, ni misimu minne tu. Nafaka iliyokaa ghalani mwaka huu yaweza kuliwa mwaka ujao. Msimu wa msichana wa miaka 20 ukipita ameketi, haurudi.

Basi kwa nini awekwe? Kwa sababu mwili si chuma. Januari 2023, Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho hakuna chuo kilichokipita kwa wingi wa ubingwa katika mashindano ya kitaifa ya wanawake, kiliahirisha mchezo wake na DePaul kwa kuwa majeruhi walikuwa wengi, na wachezaji wenye ufadhili wa masomo walioweza kucheza hawakutimia saba, idadi iliyotakiwa na shirikisho lao. Mwaka uliofuata yalitokea makubwa zaidi kule Fort Worth, Texas. Timu ya TCU ilianza msimu kwa kushinda michezo 14 mfululizo. Kisha majeraha yakaiandama, hata Januari 2024 ikaacha michezo miwili, ule wa Kansas State na ule wa Iowa State, ikahesabiwa kushindwa bila kuingia uwanjani. Chuo kikatoa mwaliko kwa wanafunzi wake wa kike waje wajaribiwe. Wanne wakachukuliwa, na mmoja wao alitoka katika timu ya mpira wa wavu. Timu iliporudi uwanjani iliishinda UCF. Hakuna mwandishi aliyekuwa amewaweka wasichana wale wanne katika orodha yoyote, na bila wao, au wengine kama wao, sifa za wale waliotabiriwa zisingekuwa na mahali pa kuonyeshwa. Kina cha kikosi ni kama kina cha kisima: watu hukiuliza siku ya ukame.

Ikiwa ndivyo, deni lipo kweli katika mambo haya, ila limeandikwa kwa jina la mtu asiye wake. Hawadaiwi wachezaji na watabiri. Wanaodaiwa ni wale wanaofaidika na kungoja kwa wengine. Mchezaji wa akiba hukimbia mazoezini sawa na mwenziwe, humpinga kila siku ili mwenziwe awe hodari, hujifunza mipango yote ya mchezo ambayo huenda asiitekeleze, kisha huvaa na kuketi. Utayari wake ni kazi, ingawa haionekani katika karatasi ya pointi.

Jibu la kawaida ni kwamba alikubali mwenyewe, na kwamba hulipwa kwa masomo. Jibu hili lina nusu ya kweli. Kukubali ni kukubali kitu kinachojulikana. Msichana aliyeambiwa wazi kwamba atakuwa wa nane, kwa sababu hizi na hizi, na kwamba njia ya kupanda ni hii, naye akaketi, ameketi kwa hiari yake. Aliyefichwa, akapozwa kwa maneno matamu kwamba zamu yake yaja, ili asiondoke tu, hakukubali lolote. Husemwa pia kwamba mvumilivu hula mbivu, lakini methali haikueleza mti ni wa nani. Ugumu wa mwalimu uko hapa, kwamba mara nyingi yeye mwenyewe hajui: hajui nani atavunjika mwezi wa Januari, wala nani atakomaa mwezi wa Machi. Na ikiwa hajui, basi hilo ndilo analopaswa kusema. Mwalimu hadaiwi dakika, kwa kuwa dakika 200 haziwezi kuwatosha wote. Anadaiwa ukweli, ambao haupungui kwa kugawanywa.

Tangu mwaka 2021 sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zimewaruhusu wachezaji wa mchezo huu kuhama chuo mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na mwaka 2024 mpaka huo wa mara moja ukaondolewa kwa wale wanaotimiza masharti ya masomo. Wakongwe wa mchezo walilalamika kwamba uaminifu umekufa. Yamkini uliokufa ni ule wa upande mmoja, uliokuwa ukilindwa na kufuli.

MiLaysia Fulwiley alilelewa Columbia, mji wenyewe wa chuo cha South Carolina. Alicheza hapo misimu miwili, akapata ubingwa wa 2024, na katika msimu wa pili alikuwa miongoni mwa wafungaji wakuu wa timu, ingawa aghalabu aliingia akitoka benchini. Mwaka 2025 alihamia Louisiana State, mshindani katika shirikisho lile lile. Wapo walioliita tendo hilo usaliti. Msaliti ni yule avunjaye ahadi, na walichokuwa nacho mikononi kilikuwa picha yao wenyewe ya binti wa mji akikaa nyumbani mpaka mwisho. Picha hiyo hawakumwonyesha kabla ya kuichora. Tessa Johnson, yule wa pointi 19 za Cleveland, ambaye naye aliketi benchi lile lile, alibaki. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai mmoja wao kile alichokitoa mwingine.