Jibu la Uongo kwa Mkono wa Mjumbe wa Kweli

Aprili 2013, baadhi ya Wakenya waliofungua google.co.ke walikuta tangazo la mdukuzi aliyejiita TiGER-M@TE. Uvumi ukaenea kuwa Google imevunjwa. Haikuvunjwa. Kampuni ilieleza kuwa huduma zake hazikudukuliwa. Watumiaji ndio walioelekezwa kwingine kwa muda mfupi.

Tukio hilo ni funzo kwa kila mwenye tovuti, awe Moi Avenue au Westlands. Kati ya mteja na seva yako wapo wajumbe. Kuna wanaogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Majina yote ya .ke yako chini ya KENIC, shirika linaloyasimamia. Kuna pia proksi, inayopokea maombi mbele ya seva na kuweka nakala za majibu ili kurasa zifunguke upesi. Mjumbe humpa kila aulizaye jibu lile lile alilolihifadhi. Likiingia bovu mara moja, maelfu watalipokea, hata chanzo kikisharekebishwa, mpaka muda wa nakala uishe.

Mwaka 2005 watafiti wa kampuni ya Watchfire walionyesha jinsi proksi inavyolishwa jibu bovu kama hilo. Mshambuliaji hutuma ombi lenye vipimo viwili vya urefu vinavyopingana. Proksi hufuata kimoja. Seva iliyo nyuma hufuata kingine, huona ombi limekwisha mapema, na masalio huyahesabu kuwa mwanzo wa ombi jipya. Hapo majibu hupishana na maombi: anayeomba ukurasa halali hupewa jibu alilolipanga adui, na proksi hulihifadhi kwa ajili ya wengine. Mwaka 2019 mtafiti James Kettle wa kampuni ya PortSwigger alithibitisha kuwa mwanya huo ungali wazi, hata kwenye ukurasa wa kuingilia PayPal.

Basi usijipe moyo kwa ulinzi wa seva peke yake. Hakikisha proksi na seva zinasoma ombi kwa kanuni moja. Ombi lenye utata likataliwe, lisikisiwe maana. Programu za pande zote mbili zisasishwe. Kurasa zenye siri za mteja zisiwekewe nakala. Akaunti inayosimamia jina la tovuti yako ilindwe kama akaunti ya benki. Mteja aliyeibiwa nywila hatajua ni mjumbe yupi aliyedanganywa njiani. Jina aliloliamini ni lako, na dhamana ni yako.