Miili ya Watoto Wetu ni Amana

Ndugu zetu wa mjini, skuli za Kenya zilifungwa kwa ajili ya korona mwezi wa Machi 2020, na watoto walio wengi hawakurejea madarasani mpaka Januari 2021. Huko Nyamache, katika milima ya Kisii, mtoto asiye na skuli huwa na shamba: migomba, majani ya chai, maji ya mtoni. Wako waliotumishwa kupita kiasi, na hiyo ni dhulma. Lakini miguu yao haikulala.

Wetu je? Mji wa Kale wa Mombasa ulizuiliwa watu kuingia na kutoka mwezi wa Mei. Mtoto akaketi na simu, kando yake kaimati na soda, akalala usiku wa manane. Kanzu ya Idi ikamkataa tumboni, na wazee wakafurahi, wakasema ni afya!

Maradhi yalikuwa kadari, wala hatumlaumu mtu kwa hayo. Lakini milango ilipofunguliwa, nani aliyemrudisha mtoto kwenye mpira na kuogelea? Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Basi mtoto mdogo atamdai nani haki hiyo, ila babake na mamake? Ile simu aliyopewa kwa dharura, hata leo anayo.