Nywele na Utu: Taswira ya Mwanamke Mweusi Katika Vyombo vya Habari kwa Mtazamo wa Kigali

Namna nywele za mwanamke mweusi zinavyoonyeshwa katika magazeti, televisheni, filamu na matangazo ya biashara huchukuliwa mara nyingi kuwa jambo la urembo tu, na kwa hiyo huachiwa kurasa za mitindo na mazungumzo ya saluni. Likichunguzwa kwa makini, hata hivyo, jambo hilo linagusa swali la kale la falsafa na la dini: ni nani mwenye mamlaka ya kuusoma mwili wa binadamu na kumhukumu kwa kile alichokisoma? Kwa nywele asilia inakusudiwa hapa nywele zenye mikunjo yake ya kuzaliwa, zile ambazo watu wa pwani huziita za kipilipili, ambazo hazijanyooshwa kwa dawa wala kwa moto, ziwe zimeachwa afro, zimesukwa, zimefungwa dredi au zimekatwa fupi. Mjini Kigali swali hilo haliwezi kuulizwa kwa wepesi, kwa sababu Rwanda ni nchi iliyojionea, kwa gharama isiyosemeka, mahali itikadi inapoweza kufika inapodai kwamba thamani ya mtu inasomeka katika umbile lake.

Padri Alexis Kagame (1912–1981), mwanahistoria na mwanafalsafa wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda, alipendekeza kwamba kila kilichopo kinaweza kupangwa katika makundi manne: umuntu, yaani kiumbe chenye akili, ikintu, yaani kilichopo kisicho na akili, ahantu, yaani mahali na wakati, na ukuntu, yaani namna ambayo kilichopo huwa, ambamo huingia sifa, mahusiano na matendo. Paulin Hountondji wa Benin aliipinga kwa nguvu njia hii ya kufikiri, akishikilia kwamba falsafa ni kazi ya watu wanaohojiana waziwazi na si hazina iliyofichwa ndani ya lugha ya taifa zima. Pingamizi hilo lina uzito, na insha hii haidai kwamba Wanyarwanda wote hufikiri kama Kagame. Inayatumia makundi yake kama nyenzo ya uchambuzi. Kwa nyenzo hiyo, nywele za mtu aliye hai zinaweza kutazamwa kwa njia mbili: kama ikintu, kitu cha kupimwa, kusahihishwa na kuuzwa mbali na mwenyewe, au kama ukuntu, namna mtu fulani anavyokuwa duniani, ambayo hupoteza maana ikitengwa naye. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kosa kuu la vyombo vya habari limekuwa kuzitoa nywele katika ukuntu na kuzitia katika ikintu, na kwamba kosa hilo hutendwa na wanaozidharau nywele asilia na vilevile, kwa sura nyingine, na baadhi ya wanaozisifu.

Kosa hilo lina historia ndefu nchini Rwanda. Katika msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg wa mwaka 1907 na 1908, mwanaanthropolojia Jan Czekanowski alipima miili ya wakazi na kukusanya mafuvu, huku picha zilizopigwa safarini zikienda kuchapishwa Ulaya. Mafuvu yaliyochukuliwa kutoka koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani yalikaa Berlin kwa takriban karne moja bila majina wala heshima, na watafiti walipoyachunguza zaidi ya 1,100 miongoni mwake katika miaka ya karibuni, zaidi ya 900 yalibainika kuwa yametoka katika eneo la Rwanda. Sayansi ya rangi ya enzi hiyo ilihesabu kimo, pua, ngozi na umbile la nywele kuwa ushahidi wa daraja la mtu, na nadharia ya Wahamiti, iliyodai kwamba Watutsi walikuwa wageni wa asili bora, ilipata humo nguvu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliligandisha daraja hilo katika vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mwenye kitambulisho.

Vichwa hivyohivyo vilivyopimwa vilikuwa vimebeba maarifa ambayo kipimo cha mpimaji hakikuweza kuyafikia. Wanyarwanda walikuwa na amasunzu, mtindo wa kunyoa sehemu za kichwa na kuziacha nywele nyingine zisimame katika matuta yaliyopinda mfano wa mwezi mwandamo, ambao ulivaliwa na wanaume na pia na wasichana ambao hawajaolewa, kwa namna nyingi zilizotofautiana. Kwa msichana, amasunzu ilitangaza kwamba bado hajaolewa na kwamba amefikia umri wa kuolewa. Mwanamke aliyekwisha kuzaa alivaa kichwani urugori, utepe uliotengenezwa kwa bua la mtama, kama alama ya heshima ya uzazi. Nywele hapo zilikuwa ukuntu kwa maana kamili, kwa kuwa zilieleza hatua ya maisha na uhusiano wa mtu na jamaa zake. Mtindo wa amasunzu ulififia katika karne ya 20, wakati wa ukoloni, na leo jumba la makumbusho ya ethnografia mjini Huye, lililofunguliwa mwaka 1989, ni miongoni mwa mahali panapohifadhi kumbukumbu za maisha ya enzi hiyo.

Mwili uliokwisha kufanywa kitu cha kupimwa uliingia baadaye katika magazeti na redio. Mnamo Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha zile zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu, ambazo ya kwanza kabisa iliwahusu wanawake wa Kitutsi na kuwatangaza kuwa hatari, na michoro ya gazeti hilo ikaufanya uzuri wao kuwa silaha ya adui. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilipotoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari tarehe 3 Desemba 2003, majaji walieleza kwamba taswira hiyo ya mwanamke mshawishi, iliyorudiwarudiwa na Kangura na redio ya RTLM, iliufanya ukatili wa kingono dhidi ya wanawake wa Kitutsi kuwa matokeo yaliyoweza kutabirika. Hakuna anayepaswa kulinganisha tangazo la shampuu na uchochezi wa mauaji ya kimbari yaliyofanywa dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na insha hii hailinganishi. Kinachofundishwa na historia hiyo ni kwamba taswira ya mwili wa mwanamke si pambo lisilo na matokeo, na kwamba nchi iliyolipa bei hiyo ina haki, na hata wajibu, wa kuuliza maswali ambayo wengine huyaona madogo.

Katika vyombo vya habari vya leo kosa huja kwa sauti ya upole, nayo ni sauti ya usahihishaji. Mnamo Novemba 2017 toleo la Uingereza la jarida la Grazia lilichapisha jaladani picha ya mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o ambamo sehemu ya nywele zake ilikuwa imefutwa na iliyobaki kulainishwa kwa kompyuta. Yeye alipinga hadharani, na mpiga picha akaomba radhi. Mnamo Septemba 2020 tovuti ya maduka ya Clicks nchini Afrika Kusini iliweka tangazo la bidhaa za nywele za TRESemmé ambalo liliziita nywele za wanawake weusi kavu na zilizoharibika, na za mwanamke mzungu za kawaida, jambo lililozusha maandamano makubwa. Katika visa vyote viwili hapakuwa na tusi la wazi. Palikuwa na dhana iliyotangulia kila neno, kwamba nywele za singa, yaani zilizonyooka, ndizo kipimo, na kwamba zisizofanana nazo zina dosari inayongoja tiba. Anayeuza tiba hana budi kwanza kuuza ugonjwa. Ugonjwa wa kubuni huweza hata kuleta ugonjwa wa kweli: utafiti wa Marekani uliochapishwa Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulibaini uhusiano kati ya matumizi ya mara kwa mara ya dawa za kunyoosha nywele na ongezeko la saratani ya mji wa mimba. Rwanda imekwisha kuonyesha kwamba dola inaweza kuchukua hatua katika jambo la aina hii, pale mamlaka zake zilipoanza, kuelekea mwisho wa mwaka 2018, kuondoa madukani vipodozi vya kuchubua ngozi. Lakini marufuku huondoa chupa rafuni bila kuondoa taswira iliyoifanya chupa itamaniwe.

Taswira hiyo hupata nguvu zaidi inapokutana na desturi ya shule. Katika shule nyingi za Rwanda, kama ilivyo katika shule nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania, msichana hutakiwa kukata nywele fupi kabisa kwa hoja za usafi, usawa na utulivu wa masomo, na hoja ya usawa hasa haifai kudharauliwa, kwa kuwa kusuka ni gharama ambayo wazazi wengi hawaimudu. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba binti huweza kufika mwisho wa sekondari bila kuzifahamu nywele zake, asijue zikirefuka huwaje wala hutunzwaje, na siku anapoachiwa uhuru juu yake hukuta wigi, rasta na dawa vikimngoja, pamoja na picha za wasomaji habari na waimbaji zinazomweleza mwanamke aliyekomaa anafananaje. Nywele zake zilikatazwa kwanza, kisha zikabadilishwa, na katikati hapakuwa na wakati wa kuzijua. Mahakama Kuu ya Kenya iliamua mnamo Septemba 2019 kwamba shule moja ya Nairobi ilikosea kumfukuza mwanafunzi wa Kirastafari kwa sababu ya dredi, kwa kuwa dredi hizo zilikuwa sehemu ya imani yake. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini unaacha swali gumu: je, nywele za binti ni lazima ziwe takatifu kwanza ndipo ziheshimiwe?

Dini zenyewe zina majibu yasiyo rahisi. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anazihesabu nywele kuwa utukufu wa mwanamke, ilhali nyaraka nyingine za Agano Jipya zinawaonya wanawake dhidi ya kujipamba kwa misuko na dhahabu. Katika makanisa ya Kipentekoste ya Rwanda, ambayo kubwa lao ni ADEPR, lililoanzishwa na wamisionari wa Sweden mwaka 1940, maonyo hayo yamezua mjadala wa miaka mingi kuhusu kusuka na kuongeza nywele. Katika Uislamu, hadithi za Mtume Muhammad zinakataza kuunganisha nywele za mtu na nywele nyingine, na wanazuoni wengi wameeleza katazo hilo kwa sababu ya udanganyifu uliomo. Mafundisho haya yametumika mara nyingi kuwalemea wanawake, lakini kiini chake, yakisomwa kwa uadilifu, ni kwamba mwenye mamlaka ya mwisho juu ya mwili ni Muumba wake. Mamlaka hiyo haiko mikononi mwa soko wala mtazamaji. Mwanamke Mwislamu wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, anayejistiri kwa mtandio anaukumbusha ulimwengu wa picha jambo unalolisahau, kwamba kutoonekana pia ni namna ya kuwa na nywele, na kwamba utu wa mwanamke haupungui kwa kuwa kamera imenyimwa sehemu yake.

Hapo ndipo panapofaa kuwageukia wanaozisifu nywele asilia. Wakati wa kuitangaza filamu ya Black Panther mwaka 2018, Lupita Nyong'o alionekana na mtindo uliochotwa katika amasunzu, na vijana wa Kigali nao wameanza kuurudisha katika harusi, ngoma na majukwaa ya mitindo. Tukio hilo lilistahili furaha, kwa kuwa kilichokuwa picha ya makumbusho kilirudi kuwa kichwa cha mtu anayetembea. Lakini sifa hugeuka kosa pale vyombo vya habari vinapoanza kuzihesabu nywele asilia kuwa cheti cha Uafrika wa kweli, na kumtazama mwenye wigi au nywele za dawa kuwa mtumwa wa Wazungu. Amasunzu yenyewe haikuwa nywele zilizoachwa kwa asili. Ilikuwa kazi ya wembe na ustadi, tena iliyokitangazia kijiji kizima habari za ndoa za msichana, habari ambazo wanawake wengi wa leo wangependa kubaki nazo wenyewe. Hakuna kichwa kisichoguswa na utamaduni. Anayesema kwamba uhalisi wa mwanamke unathibitishwa na mkunjo wa nywele zake anatumia njia ileile ya mpimaji wa mwaka 1907, hata kama amebadilisha alama za juu kuwa za chini na za chini kuwa za juu, na Rwanda ni nchi ya mwisho inayoweza kumudu kuirudia njia hiyo.

Haki inayodaiwa na nywele asilia, kwa hiyo, ni kubwa kuliko kusifiwa, nayo ni haki ya kuwa za kawaida: kwamba hakimu, mhubiri, daktari na mtangazaji waonekane skrinini na nywele zao bila nywele hizo kuwa habari, na kwamba mwenye wigi, mwenye dredi, aliyenyoa na aliyejistiri wapewe nafasi ileile bila kudaiwa maelezo. Wahariri na watayarishaji wa vipindi wa Kigali wana uwezo wa kulitimiza hilo bila kungoja sheria, kwa kukataa kurekebisha kwa kompyuta kichwa cha mtu yeyote, kwa kukataa matangazo yanayoziita nywele za Mwafrika ugonjwa, na kwa kuacha kuwauliza wanawake wasomi kuhusu nywele zao kabla ya kuwauliza kuhusu kazi zao. Shule nazo zitafute njia ya kulinda usawa inayomwachia binti nafasi ya kujijua. Wazazi wawafundishe watoto wao kuzitunza nywele walizopewa kabla tangazo halijawafundisha kuzionea haya, kwa maana nywele hazipaswi kutoa ushahidi juu ya utu wa mtu, uwe wa kumtukuza au wa kumdhalilisha. Utu hauhitaji ushahidi.