Je, Angojaye Hafanyi Kazi?

Katika vijiji vyetu mtu hupimwa kwa jembe lake. Tukimwona amekaa kivulini asubuhi, twauliza, "Fulani ana nini?" na tukiambiwa kwamba haumwi, twamwita mvivu kabla jua halijapanda. Sisi nasi tumeishika desturi hiyo tangu ujana wetu, na shuleni twawafundisha watoto vivyo hivyo. Walakini mwaka 2022 jambo liliingia nyumbani kwetu likatulazimisha kuuliza upya. Mtu anayekula, anayetembea, asiye na maumivu yoyote, naye ameambiwa asishike jembe wala ndoo, bali akae mbali na kwake akingoja kwa majuma mengi, je, mtu huyo hafanyi kazi? Na akiwa ni mama mwenye watoto wengine, ana haki ya kuwaacha ili akangoje?

Mama wa nyumbani kwetu alikuwa na mimba ya tatu. Ilipotimia majuma 30 aliamka usiku akaona damu nyekundu katika shuka. Hakuwa na uchungu, wala tumbo halikumkaza. Kufika alfajiri damu ilikuwa imekatika. Tukashukuru, tukasema yamekwisha. Siku ya pili yake akaenda kisimani, akarudi na ndoo kichwani kama kawaida, nasi tulimwona wala hatukumzuia. Twaliandika neno hili kwa aibu. Siku ya nne damu ikarudi, nyingi kuliko ile ya kwanza.

Wazee wa kike wakakusanyika. Mmoja akasema kwamba damu itokayo bila uchungu ni dalili ya neno lililofichwa, basi mmoja wetu wawili akiri, na damu itakoma. Mwingine akataka kumpima mama kwa kidole. Mama mwenyewe akakataa yote mawili, akasema, "Nipelekeni hospitali." Baadaye muuguzi alituambia kwamba kukataa kidole kile huenda ndiko kulikomwokoa, kwa maana katika hali ile kidole chaweza kupasua mishipa, na damu ikatoka isizuilike.

Hospitalini wakampima kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile watu waiitayo utrasaundi, wakatueleza. Kwa kawaida kondo la nyuma, lile limlishalo mtoto, hushika juu au ubavuni mwa tumbo la uzazi, na mtoto akiisha kutoka, nalo hufuata. Lakini katika mimba chache, yapata moja kwa kila 200 zinazofikia kuzaa, kondo hushika chini likaufunika mlango ambao mtoto hana budi kuupita. Katika miezi ya mwisho sehemu ile ya chini hutanuka. Kondo halitanuki pamoja nayo, hubanduka kidogo, na mishipa ikafunguka. Ndiyo sababu damu hutoka bila uchungu, hukoma, kisha hurudi. Hakuna neno lililofichwa hapo. (Tena msomaji asiogope akiambiwa katika mwezi wa tano kwamba kondo liko chini, kwa kuwa wengi sana wa hao, mimba ikikua, kondo huonekana limepanda na njia imekuwa wazi. Ila arudi apimwe tena.)

Jambo moja lilitukosesha usingizi. Mimba ikikaribia kutimia, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika tumbo la uzazi kila dakika, na mwili mzima wa mama hauna zaidi ya lita sita hivi. Sisi tufundishao hesabu tulikaa kwenye benchi la hospitali tukagawa sita kwa nusu, tukapata kumi na mbili. Hesabu hiyo si kamili, maana damu yote haitoki kwa mara moja, na mtu hufa kabla haijaisha. Hata hivyo, kutoka kijijini kwetu hadi hospitali, kwa pikipiki, wakati wa masika, ni saa mbili na zaidi.

Basi daktari akasema, "Mama hatarudi nyumbani. Atakaa hapa mpaka juma la 36 au la 37, kisha tutamtoa mtoto kwa kumpasua." Hakumwamuru alale kitandani mchana kutwa. Alimkataza kazi nzito na mambo ya unyumba, na juu ya yote kwenda mbali na hospitali.

Kungoja huku nako ni elimu iliyopatikana kwa shida. Paul Portal wa Paris aliandika habari za kondo lililoshika chini mwaka 1685, na Edward Rigby wa Norwich, Uingereza, akazieleza vema mwaka 1775. Lakini kwa muda mrefu sana desturi ya waganga ilikuwa kwamba damu ikionekana, mimba ikomeshwe hima, mtoto atoke, aishi asiishi. Wengi hawakuishi kwa kuwa walikuwa hawajakomaa. Ndipo mwaka 1945 daktari Macafee wa Belfast, akitoa habari za wanawake 174, akafundisha kwamba kama damu imekatika na mama ana nguvu, asiharakishwe, bali angoje mtoto akomae. Walakini angoje humo hospitalini, karibu na chumba cha kupasulia na damu ya akiba. Sisi husema subira yavuta heri, lakini methali yetu haisemi mtu asubiri mahali gani. Sisi tulisubiri siku nne nyumbani, na subira ile ilikaribia kuvuta jeneza.

Sasa twaja kwenye swali lenyewe. Jioni moja mama alituuliza, "Baba watoto, hao wawili wananililia nyumbani, na huyu sijamwona hata uso. Nikiwaacha hao kwa ajili yake, nimetenda haki?" Tukamjibu upesi kwamba akifa yeye, hao wawili watakosa mama. Akasema, "Na kama ningekaa nyumbani nisife? Wako wasiokufa."

Hatukuwa na jibu usiku ule. Ni kweli, wako. Yamkini mama aweza kukaa hospitali majuma sita asitokwe hata na tone moja tena, na watu watasema, "Amekaa bure." Tulilifikiri jambo hili njiani, tukapita mashamba ya mpunga, tukamwona kijana juu ya dungu akiwinga ndege, kombeo mkononi. Mtu yule hapalilii wala havuni, na mpita njia aweza kumdhani amekaa tu. Basi siku ambayo ndege hawakuja, je, mlinzi hakufanya kazi? Mwenye shamba atamnyima posho kwa sababu hakurusha jiwe? Hakuna mkulima asemaye hivyo. Kazi yake haikuwa kupiga ndege. Kazi yake ilikuwa kuwapo hapo ndege wajapo, kwa kuwa hakuna ajuaye siku yao. Hivyo ndivyo tulivyomjibu mama, naye akacheka, akasema dungu lake lina kunguni.

Mama yetu mzazi hakuridhika. "Sisi," alisema, "tulizaa shambani tukarudi na mzigo wa kuni." Tulimheshimu tukanyamaza, lakini moyoni tulijibu kwamba waliozaa shambani wakafa hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Tukiwasikiliza waliopona tu, kila hatari itakuwa ndogo. Baadhi ya wazee waliuchukia kisu, wakasema ni mambo ya kigeni. Hao twawaambia habari za Kahura, katika nchi ya Bunyoro, huko Uganda. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Felkin, alimwona fundi wa Kibunyoro akimpasua mama na kumtoa mtoto. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyo hiyo fundi aliosha mikono yake na tumbo la mama. Jeraha lilifungwa kwa sindano za chuma na kamba za magome, na baada ya siku 11 lilikuwa limepona. Basi ugeni wa kisu uko wapi?

Lakini kuna neno ambalo mfano wa dungu haulifikii. Mlinzi wa ndege hungoja kwa jasho lake mwenyewe. Mama hungoja kwa jasho la wengine. Majuma yale mahindi yetu yalitaka palizi. Sisi tulichota maji, tukapika uji, tukawaosha watoto, na wanaume wenzetu wakatucheka kisimani. Hatukufa kwa kucheka kwao. Tulijifunza tu uzito wa ndoo ile, na kwamba mtu amwambiaye mkewe "kapumzike" bila kuishika ndoo yeye mwenyewe, hakusema kitu.

Tena ilitakiwa damu. Tuliwaomba wanaume watano, wakaahidi watano. Siku ilipofika, mmoja alikuwa na kikohozi, mmoja safarini, wawili hawakuonekana. Aliyekuja ni jirani ambaye tulikuwa tukigombana naye juu ya mpaka wa shamba tangu baba zetu. Alitoa mfuko mmoja, kama nusu lita hivi. Damu yake haikuwa ya kundi la mama, ikaingia akiba, akapewa mtu mwingine tusiyemjua. Mama naye, alipopasuliwa juma la 36, alipewa mifuko miwili ya watu tusiowajua. Tulipomweleza jirani yetu hayo, tulidhani atasikitika kwamba damu yake haikufika kwetu. Akauliza tu, "Huyo mwingine alipona?" Hatukuwa tumeuliza.

Mtoto ni wa kike, na sasa anatembea. Shauri la mpaka bado halijaisha.